Soketi za jikoni zimekufa zote baada ya kufunga oveni mpya, lakini testa inawaka

MamaSkonzi (Jumatano, saa 3:40 usiku)

Wakuu habari za usiku. Nauliza kwa haraka maana nina oda ya keki ndogo 60 za kipaimara, zinachukuliwa Jumamosi saa 2 asubuhi, na jikoni kwangu hakuna soketi hata moja inayowasha kitu.

Niko Tabata, nyumba ya kupanga, ya zamani kidogo, mwenye nyumba anasema aliijenga mwaka 1994. Mwezi uliopita nilipokea mchezo, nikaenda Kariakoo nikanunua oveni ya umeme, mpya kabisa, nyuma imeandikwa 3000W. Haikuja na plagi. Ilikuja na waya tu unaoning'inia, ndani una wa kahawia, wa bluu na wa kijani chenye mstari wa njano. Duka likanipa fundi. Alikuja Jumapili, akavuta friji, akafungua soketi iliyo nyuma yake, akaunga nyaya za oveni humohumo kwa nyuma, akafunga. Dakika 20 kamaliza. Nilimuuliza, "Kaka, mbona za ukutani ni nyekundu na nyeusi na hizi ni kahawia na bluu?" Akasema nyekundu ndiyo kahawia, nyeusi ndiyo bluu, usiwe na wasiwasi mama. Nikampa hela yake na soda.

Jumatatu nimeoka skonzi trei nne, safi. Jumanne mikate. Leo saa 11 jioni nina trei ya pili ya keki za majaribio ndani, nikawasha na birika nipate chai, taa ya oveni ikazima. Nikajua umeme umekatika. Natoka nje kuchungulia kwa jirani, nasikia televisheni ya sebuleni kwangu inaongea! Narudi jikoni: oveni kimya, birika kimya, frijigadi haina taa hata moja, blenda hivyohivyo. Soketi zote nne. Taa ya dari inawaka kama kawaida.

Nilichofanya mpaka sasa: LUKU ina yuniti 41. Breka zote ziko juu, hakuna iliyoanguka. Ya jikoni (imeandikwa 20) nimeishusha nikaipandisha, hola. Birika nimelipeleka sebuleni, linachemsha vizuri tu. Halafu hapa ndipo nilipochoka: nimechukua bisibisi ya testa nikajaribu soketi ya jikoni, inawaka! Tena inawaka kwenye matundu yote mawili, la kulia na la kushoto. Yaani umeme upo mara mbili na haufanyi kazi?

Fundi wa Jumapili simu inaita hapokei. Nyuma ya friji kuna harufu kama ndoo ya plastiki imegusa jiko la mkaa. Na friza ina vibua kilo sita.

Dogo_Mbagala (Jumatano, saa 3:52 usiku)

Breka ya ampia 20 ni ndogo kwa oveni ya 3000W mama. Weka ya 32 hutasikia tena hizo habari. Kwangu waya ni wa milimita za mraba 2.5 na breka ni 32, mwaka wa nne huu, oveni, pasi, birika, vyote pamoja.

StimaMsa (Jumatano, saa 3:58 usiku)

Dadangu, mimi si fundi, lakini ukisikia harufu ya plastiki ukutani unazima kwanza maswali baadaye. Zima hiyo breka ya jikoni usiku huu. Huku kwetu Mombasa mamangu alikaa na harufu kama hiyo siku tatu, akidhani ni panya amekufa. Tulipovuta kabati, ukuta ulikuwa na alama nyeusi ya ukubwa wa sahani.

MzeeWaSpana (Jumatano, saa 4:10 usiku)

Wa Mombasa kasema kweli, azime. Wewe Dogo ngoja, nakuja kwako baadaye.

Binti, nimefanya kazi ya umeme miaka 31, mingi hapa Tanga, sasa nimestaafu naangalia kuku. Ulichokieleza nadhani nakijua, lakini kabla hujazima nataka jaribio moja la dakika mbili. Chomoa kila kitu jikoni, friji, birika, blenda, na kifundo cha oveni kirudishe kwenye sifuri. Kisha jaribu tena matundu yote mawili kwa ile testa. Niambie la kushoto linasemaje. Halafu zima breka.

Na uniambie pia: hizo soketi zina vifuniko vya ndani, testa uliiingizaje?

MamaSkonzi (Jumatano, saa 4:31 usiku)

Shikamoo mzee. Tundu la juu nilisukuma kwa kijiti cha mshikaki, vifuniko vikafunguka.

Nimechomoa vyote. La kulia bado linawaka. LA KUSHOTO LIMEZIMA. Nikachomeka friji tena, la kushoto likawaka. Nikachomoa, likazima. Nimerudia mara tatu, mume wangu anasema nimerogwa.

Breka nimezima. Friji nimeivutia ekstensheni kutoka sebuleni, au nayo ni kosa?

MzeeWaSpana (Jumatano, saa 4:55 usiku)

Marahaba. Hujarogwa, nyutro yako imekatika. Na ungechukua kijiti cha chuma badala ya cha mshikaki tungekuwa tunaongea mengine. Usirudie.

Sikiliza. Ukitazama soketi zetu hizi za matundu matatu, la kulia ni la moto, la kushoto ni nyutro, la juu ni erthi. Umeme unaingia kwa waya wa moto, unapita ndani ya friji, unarudi kwa nyutro. Nyutro ikikatika njiani, moto unafika kwenye soketi kama kawaida, ndiyo maana testa inawaka, ila hauna pa kurudia. Kitu hakiwaki. Sasa ukiwa umechomeka friji, ule moto unavuka ndani ya friji na kutokea upande wa pili, unasimama kwenye waya wa nyutro ambao hauendi popote. Hapo tundu la kushoto nalo linawasha testa. Ukichomoa friji umeondoa daraja, linazima.

Hatari yake ni hii: mtu anaona kitu hakiwaki, anasema "hakuna umeme", anafungua soketi kwa mkono akijua nyutro haina neno. Ile nyutro ina volti 230 kupitia friji yako. Nimeona fundi wa vyeti amerushwa mpaka kwenye sinki kwa kosa hilo.

Kwa kuwa soketi zote nne zimekufa kwa mpigo, na sebule ni nzima, pamekatika mahali pamoja tu, pale mwanzo wa laini ya jikoni. Na mwanzo wa laini, kwa nyumba za miaka ile, ni soketi iliyo karibu na mlango. Nyuma ya friji ni karibu na mlango?

Ekstensheni kwa friji sawa. Friji ikishawaka haivuti hata ampia moja. Ila usije ukaiunga oveni humo kwa sababu ya kipaimara.

MamaSkonzi (Jumatano, saa 5:02 usiku)

Ni hatua mbili kutoka mlangoni. Mzee umeingiaje jikoni kwangu?

Ila nina swali moja linanikera. Kama kuna kitu kimeungua kiasi cha kutoa harufu, kwa nini breka haikukata? Si ndiyo kazi yake?

MzeeWaSpana (Alhamisi, saa 12:15 asubuhi)

Nililala. Swali lako ni zuri kuliko mengi niliyoulizwa na wanafunzi.

Breka inahesabu ampia zinazopita ndani yake. Haijui joto la skrubu iliyo nyuma ya friji. Nyuma ya soketi kila waya unabanwa na skrubu ndogo. Soketi ya kwanza ina nyutro inayoingia na nyutro inayokwenda soketi ya pili, tayari nyaya mbili kwenye tundu moja. Fundi wako akashindilia wa tatu, na wa oveni ni wa nyuzi laini, nyaya za ukutani ni ngumu. Skrubu ikabana wawili, mmoja ukawa unacheza. Waya unaocheza ukipitisha ampia 13 za oveni, zile 3000 gawanya kwa 230, pale panapogusana panachemka. Ikichemka shaba inafanya weusi, weusi unazuia umeme, panachemka zaidi. Ampia ni zilezile, breka inaona mambo shwari. Siku ya tatu umeongeza birika, kama ni la wati 2200 ni ampia 9 na nusu juu yake, ikamalizikia hapo.

Hata hizo 22 na nusu zenyewe breka ya 20 haiangushi papo hapo. Watu wanadhani ikifika 21 inaruka. Breka hizi zimetengenezwa zisikate kwa ampia 22 na nusu hata kwa saa nzima. Ili ilazimike kukata ndani ya saa moja unahitaji kufika 29. Chai yako ilikuwa imeshaiva zamani.

Leo tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mwombe akuonyeshe, wala usione haya. Azime swichi kubwa, si breka ya jikoni tu, kwa sababu breka yako inakata waya wa moto peke yake. Aanze na hiyo soketi ya friji. Na mwambie mwenye nyumba, ukuta ni wake.

Dogo_Mbagala (Alhamisi, saa 1:40 asubuhi)

Mzee kwa heshima zote, ulisema unakuja kwangu. Mimi 32 kwa waya wa 2.5 na sijawahi kusikia harufu. Hata Uingereza wanatumia hivyohivyo, nimesoma.

MzeeWaSpana (Alhamisi, saa 2:05 asubuhi)

Umesoma nusu kijana wangu. Waingereza wanazungusha. Waya unatoka kwenye breka, unapita soketi zote za laini hiyo, unarudi kwenye breka ileile. Kila soketi inalishwa kutoka pande mbili, kwa hiyo mzigo unagawana njia. Hapo 2.5 na 32 vinakubaliana. Kuna nyumba za huku waya unatoka, unaruka soketi kwa soketi, unaishia kwenye ya mwisho. Mzigo wote unapita upande mmoja. Hapo 32 maana yake waya uliozikwa ukutani unaweza kuchemka na breka inaangalia tu. Breka inawekwa kulinda waya. Oveni yenyewe haiihitaji.

Kujua yako ni ipi: fundi akifungua boksi la breka, ile ya 32 ina nyaya nyekundu mbili chini yake au moja? Mbili zinaweza kuwa za mzunguko, atapima kuhakikisha. Ikiwa mmoja, hakuna cha kupima.

Dogo_Mbagala (Alhamisi, saa 2:11 asubuhi)

Itakuwa mbili.

StimaMsa (Alhamisi, saa 2:30 asubuhi)

😂 "Itakuwa." Dadangu vibua vimesalimika?

MamaSkonzi (Alhamisi, saa 1:20 usiku)

Vibua nilishavikaanga vyote jana usiku kwa gesi, sikuamini ekstensheni. Leo mtaa mzima umekula vibua.

Sasa leteni viti niwasimulie. Fundi amekuja saa 8 mchana, kijana mpole, leseni kaitoa mfukoni kabla sijamaliza sentensi. Nikamsomea maelezo ya mzee kutoka kwenye simu. Akacheka, akasema "huyo mzee angekuja yeye". Kazima swichi kubwa, kapima kwa multimita kuhakikisha hakuna kitu, kavuta friji.

Soketi kwa mbele ilikuwa nyeupe, haina neno. Alipolegeza skrubu mbili na kuivuta, ile harufu ikajaa jikoni. Upande wa nyutro wa soketi umekuwa rangi ya kahawa, halafu umelainika ukaganda tena, una mkunjo kama mshumaa. Waya mweusi wa kutoka ukutani umejichomoa kabisa kwenye tundu lake. Ncha yake si shaba tena, ni kijiti cheusi. Alipokikwaruza kwa kisu kikamegeka. Ngozi ya waya imeyeyuka kama urefu wa kidole. Ule wa bluu wa oveni bado umebanwa palepale, nyuzi kama nusu zimo ndani ya skrubu, nyingine zimetawanyika nje kama ufagio. Kwa hiyo mzee: mwanzo wa laini, soketi ya mlangoni, nyutro, waya wa tatu. Yote.

Ila kuna kitu mzee hukukitaja na mimi mikono bado inanitetemeka. Ule waya wa kijani na njano wa oveni haukufungwa popote. Ulikuwa umekunjwa, umezungushiwa tepu nyeusi, umesukumwa ndani nyuma ya soketi. Fundi akaniuliza, "Mama, hii oveni uliigusa ukiwa peku?" Nimeigusa siku tatu nikiwa peku, sakafu ya sementi, mikono ina maji na siagi.

MzeeWaSpana (Alhamisi, saa 1:45 usiku)

Sikukitaja kwa sababu sikukifikiria. Ningeweza kukifikiria kila kitu kingine katika soketi ile ila si hicho. Waya wa erthi huwa tunaufunga wa kwanza.

Kama waya wa moto ungelegea ukagusa bati la oveni, au koili ya ndani ikapasuka na kugusa, erthi ndiyo ingepeleka ule umeme ardhini na breka ingeweza kuanguka. Bila erthi bati linakaa na umeme linakusubiri wewe na miguu yako peku. Mshukuru Mungu, halafu muulize kijana bei ya RCD. Hiyo inalinganisha umeme unaoingia na unaorudi. Ukipungua hata miliampia 30 kwa sababu unapita kwa mtu, inakata kabla hujamaliza kupiga kelele.

Anafanyaje oveni sasa?

MamaSkonzi (Alhamisi, saa 2:10 usiku)

Amekataa kuirudisha kwenye soketi. Kasema wati 3000 kwa masaa mengi kila siku ni za biashara, inataka njia yake. Kesho anavuta waya wa milimita za mraba 6, mita 14, kutoka boksi la breka mpaka jikoni, unapita juu ya ukuta ndani ya trankingi (mfereji wa plastiki wa kupitishia waya) ili tusichimbe. Breka yake peke yake, kwenye boksi kulikuwa na nafasi moja tupu, na swichi kubwa nyekundu ukutani ya kuzimia. RCD inaingia juu ya zote za soketi na oveni. Soketi iliyoungua kaweka mpya, kakata waya mpaka akafika kwenye shaba inayong'aa. Soketi nne zinafanya kazi tangu saa 10.

Bei ya vyote, vifaa na ufundi, laki 2 na elfu 35. Mwenye nyumba nimempigia, kaanza "oveni ni yako", nikamtumia picha ya ile soketi. Akanyamaza kama dakika nzima. Atakata laki moja kwenye kodi.

Yule wa Jumapili amepokea simu leo. Kasema "sisi huwa tunafunga hivyo siku zote". Hiyo siku zote ndiyo inanikosesha usingizi. Nimekwenda dukani, nimewaonyesha picha, nimewaambia wawapigie wateja wengine aliowafungia. Wamesema watafuatilia, tutaona.

StimaMsa (Ijumaa, saa 12:50 asubuhi)

Na zile keki 60?

MamaSkonzi (Jumamosi, saa 4:25 asubuhi)

Umeme wa oveni umewaka jana saa 11:30 jioni. Fundi kanikataza kuweka keki kabla hajaiacha iwake nusu saa tupu, akawa anashika breka, swichi na waya kwa nyuma ya kiganja kusikia joto. Baridi. Akabonyeza kitufe cha T kwenye RCD ikaanguka, akapandisha, akanifundisha nibonyeze mwenyewe kila baada ya muda. Na kalamu ya maka ameandika juu ya kila breka: SEBULE, JIKONI, TAA, OVENI. Miaka sita naishi hapa sijawahi kujua ipi ni ipi.

Nimeoka mpaka saa 8 usiku. Zimetoka 64, nne zimeliwa na mume wangu anayejua uchawi. Mteja amechukua saa 2 na robo. Na ndiyo, nimevaa ndala.

Dogo_Mbagala (Jumamosi, saa 9:05 alasiri)

Fundi kafungua boksi kwangu leo. Mmoja.

Nipo dukani naulizia ya 20. Sitaki maneno.